Mzee wa Geti na Sura ya Saba

Wanafunzi walimwita Soja, yaani askari mlinzi, na walimwita hivyo akiwa mbali, maana aliyeteleza akalitamka jina hilo mbele yake alibaki nje ya shule mpaka mwalimu wa zamu aje kumwombea msamaha. "Soja ni yule alikuwa ananilinda mimi," alisema. "Mimi ni mtu wa geti." Basi sisi wafanyakazi tukamwita Mzee wa Geti, na jina likamkaa, hata wazazi waliokuja shuleni wakawa wanamuulizia yeye kabla ya kumuulizia mwalimu mkuu.

Mimi nilikuwa sekretari wa shule hiyo ya sekondari, huku kwetu Kathiani. Ofisi yangu ilikuwa chumba cha kwanza ukiingia, na dirisha lake lilitazama geti moja kwa moja, kwa hiyo kwa miaka mingi nilimwona mzee huyo kuliko nilivyomwona mume wangu. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitaeleza. Mwenyewe hakupenda kuulizwa. Alisema hayo ndiyo maswali ya kwanza ya polisi, na ukishayajibu hayo unajikuta umejibu na mengine.

Nianze na geti lenyewe, maana lilinichekesha kabla halijanihuzunisha. Mzee alikuwa amekaa kizuizini miaka wakati wa kupigania uhuru, akihamishwa kutoka kambi hadi kambi. Halafu uzeeni, kazi aliyoipata ikawa ni kufunga na kufungua geti. Kulifungua alilifungua kwa furaha. Kulifunga pia alilifunga, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi, lakini kufuli alikataa katakata kulifunga. Alilishika kwa ncha za vidole akampelekea mwalimu wa zamu. "Mimi nimefunga mlango. Hii kufuli funga wewe, uko na digrii." Mwalimu mkuu alimwita ofisini akamkaripia. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo, bwana," na jioni hiyohiyo akaniletea mimi kufuli.

Nyumbani kwake hakukuwa na ua. Sisi wengine wote tulikuwa na michongoma au mkonge au angalau waya mmoja wa kujidanganya, lakini kwake ulitoka barabarani ukaingia moja kwa moja mpaka mlangoni. Mbuzi wa jirani walikula maharagwe yake kila msimu. Mke wake, mama mnene mcheshi ambaye hakuwa na dogo, aliniambia siku moja, "Mwaitu, mimi niliolewa na shujaa wa uhuru, na huo uhuru umeenda kwa mbuzi." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo walivyoniita wote wawili, ingawa ningeweza kuwa binti yao. Mzee alicheka kuliko mimi. Ua hakuweka.

Na bado ndiye mtu aliyebanwa kuliko wote niliowahi kuwajua. Alikula haraka, bakuli likiwa karibu na kifua. Viatu alivivua akiwa tayari ameketi kitandani, na aliviweka mahali ambapo miguu ingevipata bila kutafuta. Ukimwita kwa nyuma alisimama wima kwanza, ndipo akageuka. Mke wake alisema, "Huyu hata akikohoa, anaangalia ni nani amesikia." Tulicheka hilo pia, lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani lilinichoma.

Alikuwa na mambo yake yaliyopingana, na ole wako umwonyeshe. Alimchukia mkoloni, lakini chai yake ilikuwa saa kumi kamili, na aliipima rangi kwa jicho kama mzungu wa reli aliyekuwa bosi wake Nairobi. Alimsifu mzungu huyo waziwazi. "Alikuwa mtu mbaya lakini kazi alijua." Alisema kila mtu awe huru kusema lake, halafu redio ikiwashwa hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo mpaka habari ziishe. Aliwapenda wanafunzi watukutu waliotoroka, na aliwarudisha akiwashika masikio.

Lakini kisa cha mitaro ndicho kilichonifundisha namna ya kumsoma. Milima yetu hii inalimwa kwa mitaro; usipochimba, mvua moja tu inabeba udongo wako ukaitwa wa mwingine. Shamba la Mzee lilikuwa mteremko mtupu. Alisema mitaro ilichimbwa enzi za mkoloni kwa lazima, na yeye hatachimba tena. Mwaka mmoja mvua ilikuja na hasira, na shamba lake likaanza kupasuka katikati. Asubuhi moja wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana shamba kwa shamba, wakafika kwake na majembe, mama yangu akiwa mbele. Mzee akasimama njiani akiwa amenyoosha mikono.

"Hapa hapana," akasema.

Mama yangu akaweka jembe chini. "Unakataa mtaro, ama unakataa namna ulichimbishwa?"

Mzee akafikiria. Ilikuwa kawaida yake kulifikiria swali hata kama limeulizwa kwa utani. "Ilikuwa filimbi," akasema mwishowe. "Asubuhi filimbi, jioni filimbi. Chifu alikuwa anapiga hata kabla jogoo hajaamka."

"Sisi hatuna filimbi. Tuko na wimbo tu."

Akatoka njiani. Kabla jua halijawa kali alikuwa ameshika jembe naye, akiwakosoa wanawake waliochimba tangu utotoni. Miaka iliyofuata, mgeni akifika alimpeleka kuona mitaro, akasema wazo lilikuwa lake. Mama yangu alimwachia sifa hiyo. Nilichokiona ni kwamba mzee huyu hakuwa na ugomvi na kitu. Alikuwa na ugomvi na jinsi alivyowahi kulazimishwa kitu hicho, na asipokutana na mtu wa kuvitenganisha viwili hivyo, angekaa pale amenyoosha mikono mpaka mlima uishe.

Na kanisani ilikuwa vilevile. Jumapili hakukosa misa, akikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Komunyo hakupokea. Kupokea kulihitaji kitubio kwanza, na kitubio hakuenda tangu atoke kambini. Padri mmoja kijana, mwenye moyo mzuri, alimfuata mpaka getini kumshawishi. Mimi nilikuwa dirishani nikijifanya nachapa mtihani wa jiografia.

"Padri, pale wewe unakaa, mimi napiga magoti, halafu unangojea niseme," Mzee akamwambia. "Si ndiyo?"

"Ni kwa Mungu unasema, Mzee. Si kwangu."

"Hata wale wa kambini waliniambia si kwao. Waliniambia ni kwa faida yangu."

Padri akanunua embe kwa mama aliyekuwa akiuza pale nje, akaondoka. Mke wa Mzee alipokea komunyo kila Jumapili akirudi kuketi karibu naye, na nilimwona zaidi ya mara moja akimfinya kidole. Sijui kama alikuwa akimwombea au akimchokoza.

Kitabu kilianza kwa sababu ya mwanafunzi wa kidato cha pili. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kijana huyo alikuwa amefukuzwa darasani, akakaa getini na kitabu cha historia, na katika kupiga domo akamwambia Mzee kwamba wapigania uhuru walikuwa watu wa kabila jingine, wa kule milimani, na kwamba Wakamba walikuwa askari wa mkoloni tu. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa Mkamba yeye mwenyewe. Mzee aliniletea kitabu hicho ofisini, akakiweka juu ya mashine yangu ya kuchapa.

"Nitafutie mimi hapa ndani."

Nikapekua. Sisi Wakamba tulikuwa na aya moja fupi, na robo yake ilihusu ng'ombe.

"Basi," akasema, "wewe uko na mashine. Mimi niko na maneno. Tutaandika."

Nilikubali haraka, na sikukubali kwa wema tu. Nilikuwa nimechoka kuchapa barua za watu wengine kuhusu madawati. Nilitaka hata mara moja kuchapa kitu ambacho mtu angekisoma akalia.

Tulifanya kazi baada ya saa kumi, chai ikishanywewa, wanafunzi wakiwa uwanjani. Alisema akiwa amesimama, mikono nyuma, akitembea kutoka kabati hadi mlango. Alikuwa mzuri ajabu. Sura ya kwanza ilikuwa ya Nairobi, vyumba vya wafanyakazi wa reli, wanaume wanane wakipokezana vitanda vinne. Ya pili ilikuwa mikutano ya siri, waliyoiita mazoezi ya mpira, na hakuna aliyekuwa na mpira. Kisha wakakamatwa. Kisha treni, kisha kambi, jua lake na mawe yake. Hakutia chumvi. Nilipoandika "tulipigana kishujaa" alinifutisha. "Tulipigana tukiwa na njaa. Andika njaa." Alinisimulia hata juu ya askari mzungu aliyempa dawa ya malaria kwa siri, na nilipomuuliza kama wasomaji watapenda hilo, akasema malaria haikuuliza.

Sura sita zilitoka ndani ya mwaka. Ya saba ikakwama.

Naomba nieleze kwa nini, kwa sababu hapo ndipo maisha yake yote yalipokuwa yamefungwa. Kabla ya kukamatwa, Mzee na wenzake wawili wa reli walikula kiapo cha kupigania nchi. Kwa kuwa walikuwa Wakamba, walikila kwa kithitu, kiapo cha kwetu ambacho hata katekista mzuri hapendi kukitaja. Kithitu hakimshiki aliyeapa peke yake. Ukikivunja, kinaingia nyumbani kwako na kupita mtu kwa mtu. Waliapa kwamba yaliyosemwa pale, na aliyewaapisha, hayatatoka. Sasa kule kambini, swali kubwa lilikuwa hilohilo: uliapa nini, na nani alikuapisha? Aliyejibu alihamishwa kambi nyepesi, kisha nyingine iliyo karibu zaidi na kwao, mpaka akafika nyumbani. Asiyejibu alibaki. Mzee hakujibu. Alibaki mpaka kambi zenyewe zikafungwa na wenye kambi wakachoka. Aliporudi, kipande chake cha shamba kilikuwa kimegawiwa mtu mwingine, na msichana aliyemchumbia alikuwa na watoto.

Sura ya saba ilikuwa ya maswali hayo. Alianza vizuri: chumba, meza, kiti. "Wakaniuliza niliapa nini," akasema, nami nikachapa. Kisha akasimama mlangoni akitazama nje.

"Halafu?" nikauliza.

Alichukua kofia yake akaenda.

Nilidhani ni uchovu. Wiki iliyofuata tulifika palepale. Nikasema, "Halafu?" na akaenda kutazama geti lililokuwa limefungwa vizuri. Nikapendekeza turuke, tuanze sura ya nane, ile ya kuachiliwa kwake, tutarudi baadaye. Alinitazama kama niliyemtukana.

"Nitatokaje kabla sijatoka? Kambini hakuna kuruka."

Basi miaka ikaenda namna hiyo, na nasema miaka. Tulizichapa upya sura sita za kwanza mpaka nikazijua kwa moyo. Tulibadilisha koma. Tuliongeza jina la mbwa. Watoto wake wawili waliokuwa wakifanya kazi viwandani Athi River walikuja Krismasi wakauliza kitabu kimefika wapi, na mama yao akajibu, "Bado baba yenu yuko ndani." Alisema kwa mzaha, lakini ilikuwa kweli tupu. Nje ya kitabu nchi ilikuwa na uhuru, na bendera, na shule yenye geti. Ndani ya kitabu alikuwa bado ameketi kwenye kiti kile, na mimi ndiye niliyekuwa na karatasi ya kumtoa na sikuweza.

Nilimkasirikia. Naisema wazi. Nilizipeleka sura zile sita kwa mchapishaji mmoja Nairobi, na mhariri, kijana mwenye miwani na adabu nyingi, akasema ameshindwa kuziweka chini kabla hajazimaliza. Kisha akasema, "Lakini kiapo kiko wapi? Wasomaji watataka kiapo. Bila hiyo sura hatuwezi." Nikarudi na roho juu. Nilimwambia Mzee neno kwa neno. Akasema, "Hata yeye anauliza?" na hakunisemesha siku nzima.

Serikali ilipobadilika, watu wengi walianza kusema hadharani yale waliyoyameza. Wazee walisikika redioni wakieleza misitu na njaa. Mzee wa Geti alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Asubuhi moja aliingia ofisini kabla sijavua sweta.

"Yule mmoja bado yuko," akasema. "Kule Kivaa."

Kati ya wale watatu walioapa, mmoja alikuwa amekufa zamani. Wa pili alikuwa hai, mkulima kule Kivaa, upande wa Masinga. Mzee alikuwa amepiga hesabu zake. Aliyeapa pamoja nawe anaweza kukufungua. Kama huyo angemwambia sema, kithitu kisingekuwa na mtu wa kumfuata. Alikuwa na hofu ya wajukuu, akaniambia, na hofu hiyo haikuwa ya kishamba wala ya kizamani machoni pangu. Nilimwona jinsi alivyomshika mjukuu wake mdogo kichwani, kama anayempima joto kila mara. Gari la shule lilikuwa likienda kununua mahindi upande ule. Mwalimu mkuu akaturuhusu, na mimi nikabeba kalamu na karatasi.

Mwenzake wa Kivaa alikuwa mzee wa kupendeza, tumbo mbele, akicheka kabla hajasalimu. Walishikana mikono muda mrefu. "Wakya?" akamsalimu kwa Kikamba, na Mzee akaitikia, "Aa." Alikuwa na nyumba ya mawe, shamba pana, na wajukuu waliojaa uani kama vifaranga. Tulipewa uji. Mzee wa Geti akaeleza shida yake kwa Kikamba cha pole, akizunguka mbali, bila kukitaja kiapo kwa jina.

Mwenzake hakumngoja amalize. "Aiya! Kwani ni ile? Ile mimi nilisema kitambo."

"Ulisema wapi?"

"Kambini! Mwaka wa kwanza. Walinipiga wiki mbili nikasema yote, wakanileta nyumbani pole pole. Halafu nikaambia watoto. Halafu wasomi wa chuo wakakuja na redio ndogo ya kunasa sauti, nikaambia wao. Hata hawa wadogo wanajua." Akamwita mjukuu, msichana wa darasa la tano hivi. "Kuja uambie huyu babu yako mwingine vile tuliapa."

Na msichana akaanza kusema, kwa sauti ya shairi la shule. Alisema waliposimama, walichoshika, maneno waliyoyarudia, na aliyewaapisha. Babu yake alimsahihisha mahali pawili. Sura yangu ya saba ilikuwa ikitoka mbele yangu, nzima, bure, na kalamu ilikuwa mkononi. Nikainua macho. Mzee wa Geti hakuwa akimtazama msichana. Alikuwa akiitazama kalamu.

Sikuandika. Nilifunika kalamu kwa kiganja.

"Na hamkufa?" Mzee akauliza msichana alipomaliza.

"Nani afe? Tuko hapa." Mwenzake akaacha kucheka. Nadhani ndipo alipoelewa. "Wewe hujasema? Mpaka leo?"

"Bado."

"Ndugu yangu. Wale walienda kwao. Nani amekushika?"

Mwenzake akasimama, akamtemea mate kifuani kidogo, kama wazee wetu wanavyobariki, akamwambia kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mimi nakuachilia. Sema." Kisha akalia, yule mzee mcheshi, akalia mbele ya wajukuu wake, akisema alidhani wote walikuwa wamesema, kwamba angejua kuna aliyebaki angekuja kumwambia. Mzee wa Geti ndiye aliyembembeleza.

Tuliporudi tulikaa juu ya magunia ya mahindi nyuma ya gari, na kwa muda mrefu tulitazama tu vumbi. Mimi nilikuwa nikifikiri: kumbe imekwisha, kesho tunaandika. Yeye akasema, "Sasa hakuna kiapo tena. Na bado haitoki."

"Kwa nini, Mzee?"

"Nilifikiri ni kithitu inanishika. Si kithitu." Akapangusa vumbi usoni. "Mwaitu, wewe ni mtu mzuri. Lakini unakaa kwa meza, uko na karatasi, mimi nasimama mbele yako, na wewe unasema, 'Halafu?' Wale walinipiga ili niseme, nikakataa. Sasa wewe unanipa chai ili niseme. Nikisema kwako, ile miaka yote nilikaa kule nilikuwa nafanya nini? Shamba ilienda. Yule msichana nilichumbia alienda. Kitu walitaka ni hiyo moja, na hawakupata. Ni hiyo tu niko nayo."

Nilikuwa nimejiona mtu wa kumfungulia, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha afisa.

"Umesikia yote leo," akaendelea. "Utaandika?"

Sauti hiyo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa akiomba. Kambini hakuomba, hakumwomba padri, hakumwomba mwalimu mkuu, na sasa aliniomba mimi, juu ya gunia.

"Kitabu ni chako, Mzee."

"Hiyo si jibu."

"Siandiki."

Akatikisa kichwa akakubali, na tukarudi kutazama vumbi. Mhariri alipopiga simu baadaye, akiwa amesikia kwamba tumempata shahidi, nilimwambia hakuna sura ya saba ya aina anayoitaka. Akaniuliza kama ninajua ninachokitupa. Nilijua vizuri sana. Nilichapa sura zile sita mara nyingi kuliko alivyozisoma.

Mwaka uliofuata kifua kilimshinda Mzee, akaacha kazi ya geti. Shule nayo ilikuwa imenunua kompyuta, na mwalimu mkuu akanipa ile mashine ya kuchapa niende nayo. Nikaibeba alasiri moja mpaka kwake, kwa sababu nilikuwa nimefanya jambo bila kumuuliza na nilitaka alisikie kabla hajachoka kusikiliza. Nilimkuta kitandani, ameegemea mto, mke wake akimchambulia machungwa. Alikuwa amepungua sana. Ulibaki ukaidi tu.

"Nimeandika sura ya saba," nikasema.

Mke wake akaacha kumenya. Mzee akanitazama bila hasira, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Soma."

Nikasoma. Chumba, meza, kiti, kama alivyosema mwenyewe. Wakaniuliza niliapa nini. Kisha mstari wangu mmoja: "Niliapa, na sitasema niliapa nini." Basi. Ukurasa mzima uliobaki ulikuwa mweupe.

Mke wake alimgusa mkono.

"Toa hiyo ya nyuma," akasema.

"Ipi, Mzee?"

"Hiyo ya sitasema. Kwani nani ameniuliza?"

Nilitaka kumwambia: mhariri amekuuliza, padri amekuuliza, vitabu vya shule, mimi. Nikamtazama mke wake, naye akatazama machungwa.

"Hakuna," nikasema.

"Sasa unajibu nani? Toa."

Nikaweka karatasi kwenye mashine, nikapiga mstari juu ya maneno yale moja baada ya jingine mpaka likabaki neno moja, Niliapa, na nukta. Akataka kuiona. Nikamwinulia ukurasa karibu na macho. Aliutazama kwa muda, midomo ikisogea, kisha akajivuta akakaa wima bila kusaidiwa, na mke wake akasema, "Haya, huyu anaenda wapi tena?"

"Weka karatasi ingine," Mzee akaniambia. "Sura ya nane."

"Inaanzia wapi?"

"Inaanzia nje," akasema, na kabla sijaiweka karatasi sawa alikuwa ameshaanza kusema.